Uzi: "Kimbari" ni neno la wapi, na kwa nini si kila mauaji makubwa ni ya kimbari?

Mdadisi wa Pangani
Wadau, naomba tulifungue neno moja tulione utumbo wake. Siku hizi kila penye damu nyingi mtu anaandika "mauaji ya kimbari". Rwanda 1994, sawa. Lakini nimeona Shakahola ikiitwa hivyo, na juzi mtu kaandika hivyo kuhusu ajali ya basi. Kimbari imetoka wapi? Jamaa mmoja kaniapia ni "kimbali", yaani kuua watu na kuwapeleka mbali. Halafu "halaiki" na "kimbari" ni mapacha au ni majirani tu? La mwisho: Kiswahili kina neno la tendo lisilosameheka, au tunazunguka tu na "unyama"? Wa kusema "ni Kiarabu" bila kuonyesha mzizi, naomba wapite kimyakimya.

Mwana Mvita
Hiyo ya "kimbali" ni ya kijiweni, iache hapo hapo ulipoiokota.

Neno ni *mbari*. Ngeli ya I/ZI: mbari hii, mbari hizi. Maana yake ukoo, watu wa shina moja. Ukitia ki- ya namna, ile inayozaa kitaifa, kikabila, kidini, unapata *kimbari*: -a kuhusu mbari. Kwa hiyo halibadiliki. Huwezi kusema "vimbari", na ukiandika "kimbali" umeua sarufi kabla hujaua mtu.

Na si Kiarabu. Ni Kibantu hiki chetu.

Githurai Arobaini na Nne
Naunga mkono, na ushahidi uko hapa hapa Kiambu. Gĩkũyũ wana *mbarĩ* hadi leo. Ukipanda ngazi kutoka chini ni mũciĩ, nyũmba, mbarĩ, kisha mũhĩrĩga. Mbarĩ hubeba jina la babu aliyeianzisha, na zamani ardhi, yaani gĩthaka, ilishikwa kwa mbarĩ, ndiyo maana kesi nyingi za mashamba zinataja "mbarĩ ya fulani". Kwa hiyo Mkikuyu akisikia "kimbari" anasikia ukoo mdogo wenye shamba, si kabila zima. Hapo neno linampunja kidogo.

Msilichanganye na mbari ya Waigbo wa Nigeria, zile nyumba za sanamu za udongo. Sauti moja, mambo mbali.

Mdadisi wa Pangani
Sasa nani aliamua ukoo uingie kwenye kosa kubwa kuliko yote?

Kalamu Nyekundu
Ukitaka kuelewa kwa nini mbari ilichaguliwa, rudi kwa neno linalotafsiriwa. *Genocide* lina mzazi anayejulikana na mwaka wa kuzaliwa, jambo la nadra kwa maneno. Ni Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland. Mwaka 1933 alipeleka pendekezo kwenye mkutano wa wanasheria huko Madrid, akitaka kuangamiza makundi ya watu kuwe kosa la kimataifa, akaliita ushenzi, na kuharibu utamaduni wao akakuita uharibifu. Halikupita. Agosti 1941 Churchill akasema redioni kwamba dunia iko mbele ya jinai isiyo na jina. Lemkin, ambaye mwaka huo huo alikuwa amefika Marekani, akaipa jina katika kitabu chake cha 1944: *genos* ya Kigiriki, watu wa nasaba moja, na *-cide* inayotoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuua. Yeye mwenyewe alipoteza ndugu 49.

Sasa weka bega kwa bega. Genos, mbari. Cide, mauaji. Aliyetafsiri hakubahatisha, alifuata mshono wa neno. Genos nayo kwa Wagiriki wa kale ilikuwa ukoo kabla ya kuwa taifa, kama mbari tu. Ndiyo maana "kimbari" ni tafsiri nzuri kuliko "halaiki", ambayo inasema wengi na kunyamaza hapo.

Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza kaigusa Githurai. Ya pili ni hilo neno *mauaji*. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 9 Desemba 1948 unataja matendo matano, na kuua ni moja tu. Ndiyo maana kuna wanaopendelea "maangamizi ya kimbari". Mimi naona wana hoja, ila vyumba vya habari vimeshazoea, na mazoea hayapigiwi kura.

Mdadisi wa Pangani
Matano? Mengine ni yapi? Na idadi ya wafu inaanzia ngapi?

Wakili Kando ya Barabara
Idadi haianzii popote. Hapo ndipo wengi wanateleza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Kosa lina pande mbili, tendo na nia. Matendo ni haya: kuua watu wa kikundi, kuwadhuru vibaya mwili au akili, kuwawekea kwa makusudi hali ya maisha ya kuwamaliza, mfano kuwanyima chakula, maji na dawa, kuwazuia wasizae, na kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapeleka kwa kikundi kingine. Angalia hilo la mwisho: unaweza kutenda kimbari bila maiti hata mmoja.

Nia ndiyo ngumu. Lazima iwe nia ya kuangamiza, kikundi kizima au sehemu yake, kikundi cha kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, *kwa kuwa ni kikundi hicho*. Maneno hayo ya mwisho ndiyo kufuli. Ukiua watu elfu kumi ili uchukue visima vya mafuta, umetenda uovu wa kutisha, lakini mwendesha mashtaka bado hajaonyesha kwamba ulitaka *wao* wasiwepo. Tafsiri nyingi za Kiswahili zinayadondosha, msomaji anabaki na "kuua kabila". Mtu aliyemuua jirani wa kabila lingine kwa sababu ya mpaka wa shamba hajatenda kimbari.

Mfano wa kukata mzizi wa fitina ni Kambodia. Kati ya 1975 na 1979 Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala huko, walisababisha vifo vya watu karibu milioni 1.7. Novemba 2018 mahakama iliwatia viongozi hatiani kwa kimbari, lakini kwa Wavietnam na Wacham, Waislamu wa huko, tu. Wakhmer wenyewe, kabila kubwa la nchi hiyo, ndio waliokufa wengi kuliko wote, wakahesabiwa chini ya uhalifu dhidi ya binadamu, maana waliuawa na Wakhmer wenzao kwa siasa, si kwa kuwa Wakhmer. Geuza upande wa pili: Srebrenica huko Bosnia, Julai 1995, waliuawa wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 8,000, ikaamuliwa kuwa ni kimbari.

Swali la kawaida: kwa nini siasa haimo? Azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 1946 lilitaja makundi ya kisiasa. Kufikia 1948 yalikuwa yameondolewa, maana serikali nyingi ziliogopa kufungwa mikono dhidi ya wapinzani wao. Sasa rudini nyumbani. Ghasia za Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, Tume ya Waki iliyozichunguza ilihesabu waliokufa 1,133. Wapo walioandika kimbari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague ilipopokea kesi, mashtaka yalikuwa uhalifu dhidi ya binadamu: mauaji, kuhamisha watu kwa nguvu, na mateso kwa msingi wa chama walichodhaniwa kuunga mkono. Kimbari haikuwemo kabisa. Kesi zenyewe ziliisha kufikia 2016 bila mtu kupatikana na hatia, lakini hilo ni jambo la ushahidi na mashahidi, si la jina la kosa.

Kijana wa Kayole
Mawakili mnapenda kupima uchungu kwa rula. Aliyekufa amekufa. Mama yake ataambiwa "pole, yako haikufika kimbari"?

Wakili Kando ya Barabara
Swali zuri, kaka, hata ukiliuliza kwa hasira. Kimbari na uhalifu dhidi ya binadamu hazipishani kwa adhabu. Mkataba wa Roma, ulioiunda mahakama ya The Hague, unaweka zote kwenye kapu moja: hadi miaka 30, au kifungo cha maisha. Zote hazichachi pia. Kifungu cha 29 kinasema hakuna muda wa kikomo wa kushtaki. Deni lina muda wake, haya hata miaka 50 ipite mshtakiwa anaweza kubishiwa hodi.

Kinachopishana ni unachotakiwa kuthibitisha. Ukishtaki kimbari wakati ushahidi ni wa uhalifu dhidi ya binadamu, nia isipoonekana shtaka linaanguka, na mama huyo ndiye anayetoka mahakamani mikono mitupu. Kwa hiyo kuchagua neno dogo lenye ushahidi si kumpunguzia mtu uchungu.

Mkalimani
Niongeze upande wa Rwanda, kwa sababu huko maneno yenyewe yalipandishwa kizimbani.

Kinyarwanda kilikuwa na *itsembabwoko*: gutsemba ni kufyeka, kumaliza, ubwoko ni kabila, jamii. Lina nguvu kuliko kimbari, maana mna kitenzi cha kufyeka ndani yake. Leo wanasema *jenoside yakorewe Abatutsi*, jenosaidi iliyotendewa Watutsi. Na hapa Kiswahili kinahitaji uangalifu. "Mauaji ya kimbari ya Watutsi" inasomeka pande mbili: waliuawa, au waliua? Andika *dhidi ya Watutsi*. Umoja wa Mataifa wenyewe ulirekebisha jina la siku ya 7 Aprili namna hiyo mwaka 2018.

Mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa ya kuhukumu waliotenda ya Rwanda, iliundwa Novemba 1994. Hukumu yake ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya, 2 Septemba 1998, ndiyo ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kimbari. Majaji walikaa na mtaalamu wa isimu kuchambua *inyenzi*, mende, na *ibyitso*, washirika wa adui. Hawakutosheka na maana ya kamusi. Waliuliza: limesemwa na nani, wapi, wasikilizaji walielewa nini, na walifanya nini baada ya kusikia. Redioni huko neno *gukora*, kufanya kazi, lilikuwa likimaanisha kuua. Ukilitafsiri "wakaenda kazini" umemwachilia muuaji.

Na Nairobi imo. 18 Julai 1997 polisi wa hapa pamoja na wachunguzi wa Arusha walikamata watu saba mjini, katika operesheni iliyoitwa NAKI, yaani Nairobi–Kigali. Mmoja wao alikuwa Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji. Alikiri mwenyewe, akapewa kifungo cha maisha Septemba 1998.

Githurai Arobaini na Nne
Hiyo ya mende inanikumbusha "madoadoa" na "kwekwe" zetu, wanavyoitwa watu wa kabila lingine. Zote mbili zilikuwa kwenye orodha ya maneno ya chuki ya Tume ya Uwiano na Utangamano, Aprili 2022. Kwekwe ni neno la shambani, halina kosa. Ila shamba lenye kwekwe hufanywa nini? Hupaliliwa. Msikilizaji anamalizia mwenyewe sentensi.

Kalamu Nyekundu
Haswa. Na sheria ya Kenya ya 2008 kuhusu uwiano inaweka matamshi ya chuki hadi faini ya shilingi milioni moja, au miaka mitatu, au vyote. Uchochezi wa kimbari ni kosa zito zaidi na linajitegemea: mauaji hata yasipotokea, aliyechochea hadharani na moja kwa moja anashtakika.

Abdi wa Mtaa wa Kumi na Mbili
Naomba nigeukie neno "lisilosameheka", naona mmelipita mbio.

Kisheria hamna mahali palipoandikwa "halisameheki". Kilichopo ni "halichachi", kama alivyosema Wakili. Ni vitu viwili. Katika fiqhi ya Kiislamu mauaji yana wenyewe: warithi wa aliyeuawa wana haki ya kisasi, au kusamehe, au kupokea dia, yaani fidia ya damu. Wasomali wa Garissa na Wajir wanaijua hesabu yake, ngamia 100 kwa mwanamume. Msamaha upo kwa sababu mwenye haki ya kusamehe yupo hai, anajulikana, na ukoo wa muuaji unajulikana.

Sasa katika kimbari mwenye kusamehe ni nani? Nyumba nzima imefutwa, hakuna mrithi wa kuketi chini ya mti. Huwezi kumlipa dia mtu ambaye mbari yake haipo. Nadhani hapo ndipo hili neno mbari linapobeba uzito ambao "halaiki" haiwezi. Halaiki ni wengi. Mbari ni wale ambao wangekuja kudai.

Mkalimani
Abdi umesema. Ila tusisahau Gacaca. Mahakama za vijijini zilianza kazi nchi nzima 2005, zikafungwa Juni 2012 baada ya kupitia kesi karibu milioni mbili. Aliyekiri, akaonyesha walipozikwa, akaomba radhi mbele ya kijiji, alipunguziwa kifungo, sehemu yake akaitumikia kwa kazi za jamii. Kilichokwama mara nyingi ni ukiri nusu: mtu anataja waliokwisha kufa tu kama washirika wake, au anataja tendo na kuficha kaburi. Jina Gacaca lenyewe linatokana na nyasi, pale watu wanapoketi. Kwa hiyo msamaha wa mtu kwa mtu ulikuwepo, lakini faili haikufungwa kwa sababu ya msamaha huo.

Mwana Mvita
Mdadisi uliomba mizizi, haya basi.

*Katili* ni Kiarabu, q-t-l, kuua. Mwanzo katili ni muuaji. Siku hizi "ukatili wa kijinsia" unaweza kuwa bila kifo, neno limepanuka likapoteza meno. *Jinai* ni j-n-y, mzizi ule ule wa kuchuma tunda. Mtu anachuma kosa, kisha linamhesabia. *Uhalifu* ni kh-l-f, kwenda kinyume; ndiyo maana tunasema kuhalifu amri. Huyo anaweza kuwa hata dereva aliyepita taa nyekundu, kwa hiyo "uhalifu dhidi ya binadamu" nguvu yake yote iko kwenye "binadamu". *Halaiki* ni khalāʾiq, viumbe, yaani umma wa watu. Tanzania watoto wa halaiki ni wale wanaocheza uwanjani siku za sherehe. Neno lisilo na damu kabisa mpaka ulitangulizie "mauaji".

Na *unyama*? Sahau. Vijana wameshaligeuza sifa. Bati kali la matatu likipita, "huo ni unyama". Neno linalosifia rangi ya gari halitabeba makaburi.

Kuna pia *maafa*, msiba mkubwa, ambalo Marimba Ani wa Marekani alilichukua kuita biashara ya utumwa na yaliyofuata. Huko limekuwa jina maalumu. Kwetu bado ni mafuriko na ukame.

Kijana wa Kayole
Na yaliyotokea kabla ya 1944 je? Waherero?

Kalamu Nyekundu
Amri ya von Trotha, jenerali wa Kijerumani, ya kuwaangamiza Waherero wa Namibia ya leo ilitolewa 2 Oktoba 1904, miaka 40 kabla ya neno. Mei 2021 Ujerumani ikakubali kuiita kimbari kwa Waherero na Wanama, kwa jicho la leo, kama walivyosema wao. Hilo "kwa jicho la leo" lina kazi: linaruhusu jina na kufunga mlango wa kesi. Neno kuchelewa hakumaanishi tendo halikuwepo. Hata "uhalifu dhidi ya binadamu" lilitumiwa na George Washington Williams, mwandishi Mmarekani, kuhusu Kongo ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, mwaka 1890, zamani kabla ya mahakama yoyote ya kulipokea.

Mdadisi wa Pangani
Nimeshiba. Sasa nipeni la kutumia kesho. Mtu ananiletea kichwa cha habari, nakihariri vipi?

Kalamu Nyekundu
Anza na kikundi. Waliouawa wanatambulika kwa taifa, kabila, rangi au dini? Kama hapana, futa kimbari hapo hapo. Shakahola, 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni Kilifi. Ni wafuasi wa mhubiri mmoja, wengi wao waliofunga hadi kufa. Hakuna kikundi kingine kilichotaka kuwafuta kwa dini yao. Andika "vifo vya halaiki", na mashtaka uyataje kama yalivyo kwenye karatasi ya mahakama. Ajali ya basi ni ajali.

Kikundi kikiwepo, uliza nani ametamka neno. Mahakama ikihukumu, liandike bila mabano wala "yanayodaiwa". Mshtakiwa akiwa bado hajahukumiwa, "anashtakiwa kwa mauaji ya kimbari". Omar al-Bashir, aliyekuwa rais wa Sudan, alikuwa na hati ya kukamatwa kwa kosa hilo tangu 12 Julai 2010, akaja Uhuru Park, Nairobi, 27 Agosti mwaka huo kwenye sherehe za katiba. Sahihi ilikuwa kumwita mtuhumiwa, si muuaji. Tume, serikali au mwanaharakati akisema, mtaje aliyesema ndani ya sentensi ile ile, usimsukume aya ya nne ambako hakuna anayefika.

Kisha soma upya kihusishi chako: dhidi ya, si ya.

Wakili Kando ya Barabara
Kuhusu Kenya ongeza hili: Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008 inatambua kimbari kama ilivyo Mkataba wa Roma, lakini ilianza kutumika 1 Januari 2009. Mwandishi akisema waliotenda mwaka 2008 "watashtakiwa chini ya sheria hiyo", mrudishie karatasi yake.

Mdadisi wa Pangani
Basi hiki hapa kilikuwa mezani: "Mauaji ya kimbari ya barabarani yaua 14". Nimekiandika upya: "Watu 14 wafariki katika ajali ya basi". Mwenye kukileta ananuna.

Mwana Mvita
Mwache anune. Halafu mauaji hayaui, yeye ndiye aliyeua Kiswahili.